Kufuata maji ya mvua kwa QGIS: kutoka vilima vya Pugu hadi mtaro wa mtaani kwako

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Safari yake yote ni kilomita 35 hivi. Ni mto mfupi, lakini mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi ya waliookolewa mabondeni ndio waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Ukiishi katika mji huu huwezi kuchora ramani ya maji kama zoezi la darasani tu.

Mwongozo huu ni njia ninayoifuata mimi ninapotaka kujua maji ya mvua yanatoka wapi, ni kiasi gani, na yatasimama wapi. Programu zote ni za bure. Nitatumia mfano wa kidakio (eneo ambalo mvua yake yote hutiririkia mdomo mmoja) kidogo cha hekta 60 chenye mtaro mmoja mkuu, kwa sababu kazi nyingi za mtaani zina ukubwa huo. Mto mzima hufuata njia hiyohiyo, ila hesabu za kilele cha maji hubadilika, nami nitaonyesha ni wapi.

Kuna jambo moja ningependa ulishike kabla hujawasha kompyuta. Modeli ya mwinuko wa ardhi, yaani ramani inayotoa kimo cha kila pikseli, haijui kalvati, wala haijui mchanga uliojaa mtaroni. Programu itakupa ramani safi, yenye rangi za kupendeza, hata kama ulichoilisha si kweli.

Andika swali kwanza

Chukua karatasi uandike sentensi moja. "Mtaro huu unapokea maji ya nyumba zipi?" ni swali tofauti na "Mtaro huu unatosha?" na yote mawili ni tofauti na "Maji yatafika kwenye zahanati?" La kwanza linahitaji mwinuko na mitaro. La pili linadai pia mvua, aina ya ardhi na vipimo vya mtaro. La tatu linataka vipimo vya usawa vilivyochukuliwa uwanjani, na usijidanganye kwamba picha ya setilaiti itakutosheleza. Nimeona watu wakipoteza wiki nzima wakipakua data kwa sababu hawakuandika swali.

Programu na data

Pakua QGIS, programu ya kuchora na kuchanganua ramani; chukua toleo la muda mrefu (LTR), si lile jipya kabisa. Hakikisha GRASS, mkusanyiko wa zana tutakazokokotolea njia za maji, imeingia pamoja nayo. Kompyuta ya RAM ya GB 8 inatosha kwa kidakio cha mtaa na hata kwa Msimbazi yote.

Kwa mwinuko, chukua Copernicus GLO-30, yenye pikseli za mita 30, kupitia tovuti ya OpenTopography. Ilitokana na rada ya setilaiti, kwa hiyo inachokipima ni kilele cha paa na kilele cha mwembe, si udongo ulio chini yake. FABDEM, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Bristol, imejaribu kuondoa majengo na miti kwenye data hiyohiyo. Kwa mji uliobanana mimi huanza na FABDEM, lakini soma leseni yake kama kazi yako ni ya biashara. Ukipata modeli iliyotokana na droni, itumie hiyo na uache zote mbili.

Mitaro, barabara na majengo viko OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wananchi wa mitaa husika, kuchora majengo, mitaro na makalvati kata kwa kata. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya QuickOSM inavuta data hizo moja kwa moja ndani ya QGIS; tafuta waterway=drain, waterway=ditch na tunnel=culvert.

Aina ya ardhi chukua ESA WorldCover ya 2021, pikseli za mita 10. Mvua ya kila siku iko CHIRPS, data inayokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua, kuanzia 1981 hadi sasa, lakini kila pikseli yake ina upana wa kilomita 5 na zaidi, nayo haikuambii mvua ilinyeshaje ndani ya nusu saa. Mtaro wa mtaani hufurika kwa mvua ya nusu saa. Kwa hilo nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa ukaombe jedwali la ukali wa mvua kwa dakika 10, 20, 30 na saa moja, kwa kituo kilicho karibu nawe. Kwa mito, vipimo vya mtiririko na vibali vya matumizi ya maji, mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maana Msimbazi uko ndani ya bonde hilo.

Viwianishi

Data ya setilaiti huja kwa digrii za latitudo na longitudo. Ukipima eneo au mteremko kwenye digrii utapata upuuzi. Badilisha kila tabaka kwenda UTM, mfumo wa viwianishi unaopima kwa mita na kuigawa dunia kwa kanda; namba ya EPSG ndiyo utakayoitafuta QGIS. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi ziko kanda ya 37 kusini, EPSG:32737. Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36, EPSG:32736. Kigoma mjini iko kanda ya 35, EPSG:32735.

Ramani za zamani za mipango miji na za upimaji nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, ambayo kwa kanda ya 37 ni EPSG:21037. Ukiifungua ramani ya namna hiyo kana kwamba ni WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS, kila kitu kitasogea karibu mita 300. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine kabisa, pengine hata upande wa pili wa mto.

Kabla ya kukokotoa, tembea

Hatua hii watu huiweka mwishoni, nami nilifanya hivyohivyo mwanzoni. Nilikokotoa kidakio nikiwa mezani, nikakichapisha, nikakipeleka mtaani kukihakiki. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama ramani kwa muda mrefu. "Mwanangu, maji ya huku hayaendi ulikochora. Yanapita chini ya barabara, pale penye mgomba." Tukaenda wote. Kulikuwa na kalvati la kipenyo cha sentimita 90, limefunikwa na majani, likipeleka maji ya robo nzima ya kidakio changu upande wa pili wa tuta la barabara. Modeli ya mwinuko iliona tuta, ikadhani ni ukingo unaozuia maji. Hesabu zote zilizofuata zikawa za kidakio kisichokuwapo.

Kwa hiyo tengeneza fomu kwenye QField au KoboToolbox, programu za kukusanya data kwa simu, uweke simu mfukoni na utepe wa kupimia mkononi. Kwa kila mtaro na kila kalvati andika upana, kina, kina cha mchanga na taka zilizomo, mwelekeo wa maji, limejengwa kwa kitu gani, na picha. Kina cha mchanga usikiache; utaona mbele kinavyobadilisha jibu. Kwenye kuta za nyumba tafuta mstari wa tope, upime kutoka ardhini hadi hapo.

Kuuliza nako kuna namna yake. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mjumbe akuongoze. Mtu akiulizwa "mafuriko hutokea mara ngapi?" atakupa jibu la kukuridhisha. Muulize: "Ile mvua ya Desemba 2011, maji yalifika wapi hapa ndani?" Akuonyeshe kwa mkono wake. Kwa wazee uliza mvua za El Nino za 1997 na 1998. Tukio kubwa humsaidia mtu kukumbuka. Hesabu ya miaka haimsaidii. Na usimsahau mama anayeuza chakula karibu na daraja. Huyo yuko pale kila siku na kila mvua, hata ile isiyofika magazetini.

Kuchonga mitaro kwenye modeli

Sasa rudi kwenye kompyuta. Chora mistari ya mitaro na makalvati uliyoyahakiki, hasa yale yanayopita chini ya tuta. Kisha:

1. Igeuze mistari kuwa rasta (ramani ya pikseli) kwa Rasterize ya GDAL. Mtaro upate 1, penginepo pote 0. Ukubwa wa pikseli na mipaka vilingane na modeli ya mwinuko bila tofauti yoyote.
2. Hakikisha zile sifuri ni sifuri za kweli, hazijawekwa kama "hakuna data". Hapa ndipo wengi hukwama: wakishatoa, modeli nzima inatoweka na kubaki mistari ya mitaro peke yake.
3. Kwenye Raster Calculator toa mita 5 penye mtaro: mwinuko − (mtaro × 5).

Mita 5 si kina cha kweli. Ni nguvu ya kulazimisha maji yafuate njia inayojulikana na kukatiza tuta. Kwa sababu hiyo modeli hii iliyochongwa itumike kutafuta mwelekeo wa maji na mpaka wa kidakio tu. Mteremko na vimo vya ardhi vichukue kwenye modeli ya awali. Hifadhi mafaili mawili yenye majina yasiyofanana.

Kuyaacha maji yatiririke

Fungua r.watershed ya GRASS, uipe modeli iliyochongwa. Uzuri wake ni kwamba haikulazimishi kujaza mashimo kwanza. Inatafuta njia rahisi ya kutokea. Itakuuliza kizingiti, yaani pikseli ngapi zikikusanyika ihesabu kuwa ni kijito. Pikseli moja ya mita 30 ni mita za mraba 900, hivyo 100 ni hekta 9. Kwa kidakio cha hekta 60 jaribu 50 hadi 100, uone kama mistari inafanana na ulichokiona kwa miguu.

Utapata tabaka la mkusanyiko (pikseli ngapi zinamwaga maji hapo) na tabaka la mwelekeo (maji yanaelekea upande upi). Kwenye mkusanyiko, namba hasi zikitokea juu ya mto wako usizipuuze: maana yake huenda kuna maji yanayoingia kutoka nje ya kipande cha ramani ulichokata. Kata kipande kikubwa zaidi, urudie. Kwa Msimbazi, usipofika Pugu na Kisarawe, umekata kichwa cha mto.

Kisha tumia r.water.outlet: ipe tabaka la mwelekeo na viwianishi vya mdomo wa kidakio, mahali unapotaka kujua maji yote yanayopita. Kuza ramani mpaka uione pikseli yenye mkusanyiko mkubwa, ubofye katikati yake. Ukikosea kwa pikseli moja utapewa kidakio cha upana wa kiwanja kimoja. Geuza matokeo kuwa poligoni, pima hekta, chapisha, rudi mtaani utembee kwenye mpaka wake. Penye shaka, subiri mvua uende ukaangalie maji yanaelekea wapi. Hakuna uhakiki unaoushinda huo.

Ni maji kiasi gani

Njia inayotumika sana ni ya namba ya mtiririko, CN, iliyotungwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani. Kila aina ya ardhi hupewa namba kulingana na kundi la udongo, kuanzia A unaonyonya sana hadi D usionyonya. Namba ikikaribia 100, karibu maji yote yanatiririka.

Kwenye mfano wetu, chukua poligoni za majengo za OpenStreetMap ziongoze, kwa sababu pikseli ya WorldCover huchanganya bati na uwanja. Tuseme udongo ni kundi B, na umepata:

- mapaa, lami na zege: asilimia 45, CN 98
- njia na viwanja vya udongo ulioshindiliwa: asilimia 35, CN 82
- nyasi na bustani: asilimia 20, CN 69

Wastani wake ni 87. Uwezo wa ardhi kushika maji, S = 25400/87 − 254, ni mm 38. Mvua (P) ya mm 80 ikinyesha, kiasi kinachotiririka ni (P − 0.2S)² ÷ (P + 0.8S), yaani kama mm 47.5. Zidisha kwa hekta 60: mita za ujazo 28,500 hivi.

Rudia hesabu ukidhani eneo lote bado ni nyasi, CN 69. Utapata mm 19, mita za ujazo 11,500. Mvua ni ileile na ardhi ni ileile, lakini maji yameongezeka mara mbili na nusu. Kwenye kikao cha mtaa mimi huanza na namba hizi mbili, kwa sababu zinaonyesha kwamba anayekaa juu mlimani naye ana sehemu katika maji yanayomfikia wa bondeni.

Ukipenda usahihi zaidi, kokotoa mtiririko wa kila aina peke yake kisha uchukue wastani. Hapa utapata mm 50 hivi badala ya 47.5. Mjini, penye bati kando ya bustani, njia hii inafaa zaidi.

Kilele, na kama mtaro unatosha

Mtaro haufurikishwi na jumla ya maji ya siku. Unafurikishwa na dakika chache za kilele. Kwa kidakio kisichozidi hekta 80 hivi, tumia Q = C × i × A ÷ 360, ambapo C ni sehemu ya mvua inayotiririka (kati ya 0 na 1), A ni hekta, i ni ukali wa mvua kwa mm kwa saa, na jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kwa kidakio kikubwa kuliko hapo hamia HEC-HMS, programu ya kuiga mtiririko wa mvua, nayo ni ya bure.

Ukali utakaoutumia lazima ulingane na muda ambao tone la mbali zaidi linachukua kufika mdomoni. Pima kwenye QGIS urefu wa njia ndefu ya maji na tofauti ya vimo. Tuseme mita 1,200 na mteremko wa asilimia 2. Kanuni ya Kirpich, 0.0195 × L^0.77 × S^−0.385 (hapa L ni urefu kwa mita, na S ni mteremko, 0.02, si ile S ya juu), inakupa dakika 21. Basi soma kwenye jedwali ukali wa mvua ya dakika 20. Tuseme ni mm 70 kwa saa, na C ya wastani ni 0.63. Kilele ni mita za ujazo 7.35 kwa sekunde.

Sasa mtaro. Ni wa zege, upana mita 1.5, kina mita 1.2, mteremko asilimia 1. Kwa kanuni ya Manning, inayokokotoa mtiririko wa mtaro kwa umbo, mteremko na n, yaani ukwaruzo wa kuta zake, ukiwa msafi (n = 0.015), unabeba mita za ujazo 7.2 kwa sekunde. Yaani karibu unatosha. Lakini fomu yako ya uwanjani inasema umejaa mchanga hadi nusu na taka zimekwama. Weka kina mita 0.6 na n = 0.03. Unabeba 1.4.

Kutoka 7.2 hadi 1.4. Kina kimepungua kwa nusu, uwezo umebaki sehemu moja ya tano. Ndiyo maana nilisisitiza kina cha mchanga. Anayechora mtaro kama mstari wa buluu kwenye ramani, bila kina cha mchanga, atatangaza kwamba mtaro unatosha huku watu wakilala na maji ndani. Weka namba zote mbili kwenye jedwali la sifa za kila kipande cha mtaro, kisha kipake rangi kwa uwiano wa kilele na uwezo wa sasa. Kipande chekundu kimoja katikati ya vya kijani mara nyingi ni kazi ya makoleo na lori moja, haihitaji mradi wa mamilioni.

Maji yatasimama wapi

Kipimo cha haraka ni kimo cha ardhi juu ya mto ulio karibu. Kwenye QGIS tumia zana ya SAGA (programu nyingine ya bure; kwenye matoleo mapya ya QGIS huongezwa kwa plagini) iitwayo Vertical Distance to Channel Network, kwa modeli isiyochongwa. Maeneo yenye kimo kidogo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hapa naomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Copernicus yenyewe hutangaza kosa la wima la hadi mita 4 kwa asilimia 90 ya vipimo. Ramani inayodai kwamba nyumba hii itaingia maji nusu mita na ile jirani haitaingia, ikiwa imetokana na pikseli za mita 30, haina msingi. Itumie kuchagua mahali pa kwenda kupima kwa leveli au kwa GPS ya RTK, yenye usahihi wa sentimita. Alama za tope ulizopima ukutani, zikiunganishwa na vipimo hivyo vya usawa, zitakupa mpaka wa kuaminika, na hapo ndipo HEC-RAS, programu ya kuiga mafuriko, inapoanza kuwa na maana.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kuchora bafa (ukanda wa upana uliopangwa kando ya mstari) ya mita 60 ni kazi ya sekunde tano, na ndiyo inayoweza kumuumiza mtu. Mstari wa mto kwenye OpenStreetMap uko katikati ya mto. Mto ukiwa na upana wa mita 30, bafa yako imekosea kwa mita 15 kila upande. Chora kingo zote mbili kutoka kwenye picha ya karibuni, andika tarehe ya picha hiyo, kisha ndipo uchore bafa. Msimbazi huhama kingo. Picha ya miaka mitano iliyopita inaonyesha mto mwingine. Watu wa mabondeni wameshaona alama ya X ya kubomolewa ikipakwa kwenye kuta zao, na mstari wako utasomwa hivyo hata kama hukukusudia. Usiweke majina ya wenye nyumba kwenye ramani ya kubandikwa, na kwenye ufunguo andika kwa Kiswahili kwamba mpaka umehakikiwa wapi na wapi bado.

Kwa kikao cha mtaa chapisha kwenye karatasi kubwa ya A1, weka msikiti, kanisa, shule, duka linalojulikana na vituo vya daladala. Acha kalamu mezani, watu wachore juu yake. Ipige picha kikao kikiisha, uiingize QGIS kwa Georeferencer, zana ya kuiweka picha mahali pake kwenye ramani, na uyafanyie kazi masahihisho yao.

Mitaro na makalvati mapya uliyoyapima yapandishe OpenStreetMap, yakiwa na upana na kina chake. Data ya mchanga iache kwenye faili lako, na tarehe kwenye kila kipimo, kwa sababu hubadilika kila msimu. Nenda upime tena mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya masika, wakati bado kuna muda wa kuzibua, na Juni, masika yakiisha, uone mtaro umejazwa kiasi gani na kutoka upande upi.